Taya la Juu na Vivuli Vyake: Historia ya Picha Iliyochelewa Kufika Kiwayu

Kiwayu ni kisiwa kirefu chembamba, cha mwishomwisho ukipanda kaskazini katika visiwa vya Lamu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Mashariki kinapigwa na bahari kuu. Magharibi kuna mkondo mtulivu unaokitenga na Mkokoni, bara. Wakazi wake ni Wabajuni, watu wa bahari, na mtoto wa kiume huzoea chombo tangu mdogo.

Tuseme mtoto mmoja wa huko, wa miaka kumi na miwili, anapigwa mdomoni na foromali tanga linapogeuzwa. Mdomo unavimba, jino la mbele linalegea kidogo, kisha linashika tena. Mwezi ukiisha hakuna anayekumbuka. Jino linabadilika rangi na kuwa kijivu, lakini haliumi, na jino lisilouma nani atafunga safari ya Lamu kwa ajili yake? Kumbe ndani uhai wake umekwisha. Uchafu wa jino lililokufa unapenya kwenye ncha ya mzizi, mwili unajitetea kwa kujenga ukuta, na ndani ya ukuta huo kinajengeka kifuko cha majimaji. Kifuko kinakua taratibu, mwaka baada ya mwaka, kikiula mfupa bila kelele. Kijana anapofika miaka ishirini na tano, naye sasa ni nahodha, anajipapasa chini ya pua na kukuta kinundu.

Madaktari wa meno hukiita kifuko hicho sisti. Ziko sisti za aina nyingi katika mataya, lakini hii ya jino lililokufa ndiyo inayoonekana mara nyingi kuliko zote, na hupenda hasa meno ya mbele ya juu, ambayo ndiyo ya kwanza kupokea kipigo. Si saratani, na ikitambuliwa mapema hutibika. Shida ni kuitambua, kwa sababu imejificha mfupani, na mfupa wenyewe ni wa hila.

Jitihada za kuona ndani ya mfupa huo bila kuupasua zina zaidi ya miaka 125. Nikizifuatilia naona kila mashine mpya ilikuja kuziba upungufu wa ile iliyotangulia, ila ile ya mwanzo kabisa, kipande kidogo cha filamu kinachoingia mdomoni, haijawahi kustaafu. Hiyo ndiyo ambayo mkazi wa Kiwayu hana budi kuvuka bahari kuifuata.

Taya la chini ni mfupa mnene na mambo yake yako wazi. La juu limejaa mapango. Katikati kuna pua. Kila upande, nyuma ya shavu, kuna uwazi wa hewa uitwao sainasi, ambao tabibu Mwingereza Nathaniel Highmore aliueleza mwaka 1651, na vitabu vikautaja kwa jina lake kwa karne kadhaa. Mizizi ya magego ya juu hukaribia mno sakafu ya sainasi, kwa wengine utando mwembamba tu ndio unaotenga. Sisti ikianzia hapo haikuti kizuizi. Husukuma sakafu kwenda juu na kuujaza uwazi wote, wala shavu lisivimbe mpaka mambo yamekwisha kuwa makubwa. Mtu huweza kuishi nayo miaka akidhani ni mafua yasiyopona.

Kabla ya 1895 tabibu alikuwa na kidole, sindano na taa. Kidole kwanza: Guillaume Dupuytren, mpasuaji wa Paris wa mwanzoni mwa karne ya 19, alifundisha kwamba uvimbe wa taya ukibonyezwa na kutoa mlio mwembamba, kama ganda la yai linalopasuka, basi ndani yake mna kitu kinachokua polepole na kilichobaki cha mfupa ni ukoko tu. Kisha sindano. Ikitoa majimaji ya manjano yenye chembe zinazometameta, ni sisti. Ikitoa hewa, umechoma sainasi. Ikitoa damu tele, ondoa sindano na ufikirie upya. Taa ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1880, wakati Voltolini na Heryng, madaktari wa pua na koo, walipoanza kumtia mgonjwa balbu mdomoni katika chumba chenye giza na kutazama mashavu yanavyong'aa. Sainasi iliyojaa usaha ilikuwa nyeusi. Ilikuwa mbinu ya kijanja, na kidole na sindano bado hufundishwa vyuoni, lakini hakuna hata kimoja katika hivyo vitatu kilichoweza kusema jino lipi limesababisha, wala kifuko kimefika wapi.

Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi aliyoita X kwa kuwa hakujua ni nini. Taarifa yake ilitoka tarehe 28 Desemba. Mwezi uliofuata daktari wa meno wa Braunschweig, Otto Walkhoff, alikata kioo cha picha, akakifunga kwa karatasi nyeusi na mpira, akakitia mdomoni mwake mwenyewe na kukaa mbele ya mionzi kwa dakika 25 bila kutikisika. Picha ilikuwa hafifu, lakini mizizi ilionekana. Kwa hiyo daktari wa meno hakungoja watabibu wengine wamfundishe. Alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa. Kule New Orleans, Marekani, Edmund Kells alianza mwaka huohuo wa 1896. Alikuwa akishika filamu kwa vidole na kupimia nguvu ya mashine kwa mkono wake. Vidole vikaungua, vikakatwa kimoja kimoja, kisha mkono. Alijiua mwaka 1928. Wahudumu wanaotoka chumbani kabla ya kubonyeza swichi wanafuata funzo lililolipiwa na watu kama yeye.

Upande wetu wa dunia haukuchelewa kuingia katika simulizi hii, ingawa uliingia kwa mlango wa vita. Baada ya Waitaliano kushindwa na Wahabeshi huko Adwa tarehe 1 Machi 1896, majeruhi walirudishwa Naples, na huko Giuseppe Alvaro akatumia eksirei kutafuta risasi mikononi mwao. Inahesabiwa kuwa ndiyo mara ya kwanza mionzi hiyo kuwatumikia majeruhi wa vita. Miaka miwili baadaye, jeshi la Uingereza likipanda Nile kuelekea Omdurman, Meja John Battersby aliweka mashine yake kijijini Abadieh, Sudan. Umeme hakuwa nao. Alifunga baiskeli ya watu wawili kwenye dainamo, askari wakapiga pedali katika joto la jangwani, betri zikajaa, picha zikapigwa. Huwa naikumbuka baiskeli hiyo kila ninaposikia kwamba kituo fulani hakiwezi kuwa na eksirei kwa sababu hakina umeme wa uhakika.

Kupiga picha ni jambo moja, kuisoma ni jingine. Eksirei ni kivuli, na kivuli hulaza vitu vyote pamoja: kilicho mbele na kilicho nyuma huonekana mahali pamoja. Katika taya la juu balaa hilo ni mara mbili, kwa kuwa sakafu ya pua, sainasi, mfupa wa shavu na kaakaa vyote huangukia juu ya mizizi. Miongo ya kwanza ya karne ya 20 ilitumika karibu yote kutafuta pembe ya kupigia. Weston Price wa Marekani mwaka 1904 na Antoni Cieszyński, Mpolandi, mwaka 1907 walionyesha jinsi ya kuinamisha mionzi ili jino lisirefuke wala kufupika kwenye picha. Charles Clark wa Uingereza, mwaka 1910, alieleza ujanja ambao bado unatumika popote penye mashine moja tu: piga picha mbili, ya pili ukiisogeza mashine kando kidogo. Kitu kilicho upande wa kaakaa hufuata mashine inakokwenda. Kilicho upande wa mdomo huenda kinyume. Kwa picha mbili za bei ndogo unapata kina. Mwaka 1915 Waters na Waldron wakamweka mgonjwa kidevu juu, pua ikikaribia kugusa bamba, na sainasi zote mbili zikaonekana wazi kuliko zamani. Picha hiyo bado inaitwa kwa jina la Waters, na mashine ya kawaida ya kifua inaweza kuipiga.

Wasomaji wa vivuli wakawa mabingwa, na mabingwa nao hukosea. Nyuma ya meno mawili ya mbele ya juu pana tundu la asili ambamo mishipa hupita kwenda kwenye kaakaa. Kwenye picha tundu hilo ni doa jeusi, na mara nyingi huangukia juu ya ncha ya mzizi wa jino zima lisilo na kasoro. Likiwa na upana wa milimita 6 au pungufu, ni la kawaida. Likizidi milimita 10, daktari aanze kufikiria sisti ya mfereji huo, ambayo huwa na umbo la moyo kwa sababu kijiti cha mfupa wa pua huangusha kivuli chake katikati. Meno yaliyo karibu nayo yako hai. Asiyejua hayo hutoboa na kuua jino la mtu bure. Kinachomtofautisha anayejua na asiyejua ni mstari mweupe mwembamba unaouzunguka mzizi, lamina dura: ukiwa haujakatika, jino halina hatia. Ukikatika na kuungana na ukingo wa doa, jino ndilo chanzo. Kugusisha jino kitu baridi na kumuuliza mgonjwa kama amehisi hukamilisha ushahidi.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha sisti ambayo haikuwepo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 vitabu vilifundisha kwamba kati ya jino la pili la mbele na chonge, upande wa juu, huota sisti yenye umbo la pea lililopinduliwa, na kwamba hutokana na mabaki ya ngozi yaliyonaswa pale vipande vya uso wa mimba vilipoungana. Ilipewa jina refu, ikachorwa, ikatahiniwa. Wataalamu wa mimba walipochunguza upya wakaona kwamba mahali hapo hapana muungano wa namna hiyo. Katika miaka ya 1970 mafaili ya zamani yalianza kufunguliwa, meno yakaulizwa kama yalikuwa hai, vipande vya nyama vikaangaliwa tena kwa hadubini. Nyingi zilikuwa sisti za kawaida za jino lililokufa. Nyingine za aina zilizokwisha kujulikana. Umbo la pea lilitokana na mizizi miwili kusukumwa kando. Picha haikudanganya, waliodanganyika ni waliotaka kila umbo liwe na ugonjwa wake.

Sisti nyingine, keratosisti, imepata misukosuko ya aina tofauti. Philipsen aliipa jina mwaka 1956. Ina tabia ya kurudi baada ya kuondolewa, na kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani liliipandisha cheo mwaka 2005 na kuiita uvimbe wa kweli, kisha mwaka 2017 likairudisha katika ukoo wa sisti. Mgonjwa hajali cheo. Anachopaswa kujua ni kwamba inahitaji kupigwa picha tena na tena kwa miaka.

Na sasa Kampala, ambako taya la Afrika Mashariki liliufundisha ulimwengu. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye, hospitalini Jinja, alimwona msichana mwenye uso kama ule, na tumbo nalo limevimba. Majipu hayaoti hivyo, wala sisti. Alichapisha makala yake mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu na kuzunguka kusini hadi Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: mmewahi kuona watoto wenye taya la namna hii? Ramani iliyotokea ilifuata nyanda za joto na mvua, zenye malaria. Ugonjwa huo ukaitwa limfoma ya Burkitt, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza virusi walivyovikuta ndani ya chembe zake.

Katika masimulizi mengi ya Burkitt, picha za meno husahauliwa. Mtu aliyezishughulikia Uganda alikuwa daktari wa meno, A. K. Adatia, na aliyoyaandika katika miaka ya 1960 yalimfaa hata tabibu asiye na maabara. Kabla uso haujavimba, ule mstari mweupe unaouzunguka mzizi hufutika. Meno ya utotoni hulegea, vichipukizi vya meno ya ukubwani husukumwa kutoka mahali pake, mpaka kwenye picha meno huonekana kana kwamba yanaelea. Yaani mstari uleule unaotumika kumtambua mwenye sisti, ukifutika kwa mtoto kuzunguka meno mengi kwa pamoja, ni kengele ya hatari. Sisti hujipa miaka. Limfoma ya Burkitt hukua kwa siku na wiki, na hutibika vizuri kwa dawa ikiwahiwa. Pwani ya Kenya imo katika ukanda wa ugonjwa huo. Kwa hiyo mzazi wa Kiwayu akiambiwa kwamba taya la mwanawe limevimba kwa sababu ya jino tu, na uvimbe unaongezeka wiki hadi wiki, asikubali kurudi nyumbani bila picha.

Vyuo vya kuwafundisha wasomaji wa picha hizo nyumbani vilikuja baadaye. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974. Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979. Kabla ya hapo aliyetaka shahada hiyo alikwenda ng'ambo.

Mashine nazo hazikusimama. Huko Finland, mwishoni mwa miaka ya 1940, Yrjö Paatero alikuwa ameshachoka kutia filamu ndogo ndogo midomoni mwa watu. Alibuni njia ya kuzungusha mionzi na filamu kuuzunguka uso ili mataya yote mawili yatoke kwenye picha moja ndefu. Hisatugu Numata wa Japani alikuwa ametangulia kujaribu jambo la jinsi hiyo mwaka 1933, lakini mashine ya Paatero ndiyo iliyoingia sokoni, mwaka 1961, kwa jina la Orthopantomograph. Mahospitalini watu wanasema OPG. Mgonjwa anasimama, anang'ata kijiti, mashine inazunguka kichwa chake, na chini ya nusu dakika kazi imekwisha. Kwa sisti kubwa iliyotambaa kutoka jino hadi jino, au iliyozingira chonge lililokwama juu kwenye taya, OPG ni neema.

Ina doa lake, nalo linamgusa nahodha wetu moja kwa moja. OPG huona vizuri tabaka moja tu lililopinda kufuata mataya. Mbele, tabaka hilo ni jembamba sana, na uti wa shingo huangusha ukungu wake papo hapo katikati. Sisti ndogo ya meno ya mbele ya juu huweza kupotea kabisa. Filamu ndogo ya mdomoni ingeiona.

Kenya ilizipata OPG kwa wingi kupitia mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali uliotiwa saini Februari 2015, wa hospitali 98 nchini, angalau mbili kila kaunti. Orodha ya idara ya mionzi ilikuwa na eksirei za kidijitali, mashine za ultrasaundi, za kupima matiti, na OPG. Kila kaunti ilitozwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, ada ikapanda hadi milioni 200, magavana wakalalamika, Seneti ikaunda kamati. Ilibainika kuwa katika baadhi ya hospitali mashine zilikaa bila kazi kwa kukosa umeme, maji, jengo au mtu wa kuziendesha. Mimi silaumu mashine. Lakini ningependa kujua ni nani aliyeketi Nairobi akafikiri kwamba kinachokosekana mashinani ni picha ya mataya yote kwa pamoja, ilhali zahanati nyingi hazijawahi kupiga picha ya jino moja.

Skani ya CT nitaipitia haraka, maana ni simulizi maarufu. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley, London, mashine ya Godfrey Hounsfield ilimpiga mgonjwa wa kwanza, na kilichoonekana ubongoni mwake kilikuwa kifuko cheusi cha mviringo: sisti. Hesabu za kazi hiyo zilikuwa zimefanywa mapema na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria jambo hilo akiwa Cape Town mwaka 1956. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kivuli kilikuwa kimevunjwa. Sasa uliweza kukata uso vipande kwa macho na kuona ukuta wa sisti ukiwa mbali na ukuta wa sainasi. Mwaka 1998 kundi la Verona, Italia, likiongozwa na Piero Mozzo, likatangaza mashine ndogo ya mwale wa umbo la koni, iliyotengenezwa kwa ajili ya meno na mataya tu, yenye mionzi pungufu ya CT kubwa. Mpasuaji anayetaka kutoa sisti iliyokumbatiana na pua huitamani, na ana haki.

Pwani yetu imewahi kunufaika na skani ya meno katika njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, wachimbuaji walikuta mifupa laini mno kiasi kwamba ilivunjika ikiguswa. Walilifunika bonge lote kwa plasta, likapitia Makavazi ya Kitaifa Nairobi, kisha likapelekwa Burgos, Hispania, likapigwa skani ndogo ya tabaka kwa tabaka. Meno ndiyo yaliyosema: ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Watafiti walimwita Mtoto, na habari zake zilichapishwa Mei 2021. Nimeitaja kwa sababu moja. Taya la mtoto wa kale wa Pwani limeonwa kwa kifaa ambacho jirani zake walio hai hawajawahi kukikaribia.

Turudi Kiwayu. Kwa mpangilio wa afya wa Kenya, zahanati ni daraja la pili, na daraja la pili halina chumba cha eksirei. Picha huanza hospitalini, daraja la nne kwenda juu. Kwa mkazi wa Kiwayu maana yake ni chombo cha kwenda Lamu, ambako hospitali ya kaunti ni ya King Fahd; pepo za kusi zikivuma, siku ya safari huamuliwa na bahari. Akihitajika mpasuaji wa uso na mataya au skani, avuke tena hadi Mokowe, kisha barabara ya zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa. Hoteli ya kitalii ya ng'ambo ya mkondo, upande wa bara, iliposhambuliwa Septemba 2011, na hali ya usalama ya mpaka wa Somalia ilipozidi kuwa mbaya, safari za usiku zikawekewa vikwazo, watalii wakatoweka, na pamoja nao fedha za nauli. Mtu hupima: kinundu kisichouma, au mafuta ya mashine kwa wiki nzima ya uvuvi?

Wapo waliobadilisha mwelekeo wa safari. Umra Omar, mwenye asili ya kisiwa cha Pate, aliacha maisha ya ughaibuni, akarudi na kuanzisha Safari Doctors, kundi linalopeleka wauguzi na matabibu kwa chombo cha baharini hadi vijiji vya mbali vya Lamu, Kiwayu kikiwemo. Kazi hiyo ilimfanya atajwe mwaka 2016 kati ya mashujaa kumi wa shirika la habari la CNN. Chanjo, afya ya mama, malaria, majeraha: hayo ndiyo mahitaji ya kwanza, na ni sawa yawe ya kwanza. Lakini mfano umekwisha kuwekwa kwamba tiba inaweza kwenda kwa tanga.

Na eksirei ya meno siku hizi inabebeka. Mwaka 1987 Mfaransa Francis Mouyen alileta kihisio kinachochukua nafasi ya filamu, picha ikatokea kwenye skrini papo hapo bila dawa wala chumba cha giza. Katikati ya miaka ya 2000 zikaanza kuuzwa mashine za betri za kushika mkononi, zenye ngao ya madini ya risasi ya kumkinga anayeshika dhidi ya mionzi. Mashine, kihisio na kompyuta ya mapajani vinaenea kwenye sanduku moja lisilopitisha maji. Mionzi ya picha moja ya jino ni sawa, takriban, na ile ambayo mwili hupokea kwa siku moja kutoka ardhini na angani. Picha hutumwa kwa mtaalamu Mombasa mara tu chombo kinapopata mtandao. Kwa sisti ya jino la mbele, hiyo pamoja na kipimo cha baridi, sindano na ujanja wa Clark wa mwaka 1910 vinatosha kuamua nani atibiwe papo hapo kwa kusafishwa mzizi, nani asubiri, na nani asafiri kesho asubuhi.

Haitakuwa bure wala bila masharti. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 kuhusu mionzi inataka kila mashine iwe na kibali cha mamlaka husika, na mwendeshaji awe amefunzwa na apimwe kiasi cha mionzi anachopokea. Mashine za mkononi zisizo na kinga zinauzwa mtandaoni kwa bei rahisi, na hizo heri zibaki huko. Pia lazima awepo msomaji aliyekubali kabla, mwenye wajibu wa kujibu, maana sanduku lililojaa picha zisizosomwa ni hasara tupu.

Kuna picha nyingine ambayo mipango mingi huisahau. Sisti ikishaondolewa, mfupa hujijaza upya polepole, na ushahidi pekee kwamba unajijaza ni picha ya baada ya miezi sita, kisha ya mwaka. Kwa keratosisti, picha za miaka mingi. Picha ya kwanza mtu huisafiria kwa sababu ya hofu. Ya pili, akiwa hana maumivu na kusi limeanza kuvuma, hatoki Kiwayu. Ningekuwa na kauli katika bajeti ya kaunti, ningeipima kliniki ya baharini kwa hiyo ya pili: wagonjwa wangapi walipigwa picha tena baada ya miezi 12, jino lilelile, kwa pembe ileile.